Kudumu Katika Maombi Imani Inapopingwa: Maisha ya Alexander Mackay

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Dan. 6:1–13, Zab. 13, Lk. 18:1–8, Mdo 12:1–17, Mdo 16:22–34, Mt. 5:43–48.

Fungu la Kukariri: Danieli 6:10. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri pamoja na jamaa yako.

Mwaka ambao mvua inakatika mapema, Meatu nzima huona. Mtama hunyauka kabla ya kubeba, pamba hupukutika, ng'ombe hukonda hadi mbavu zinahesabika. Wakati kama huo, mwumini wa Mwanhuzi anayefunga na kuomba huulizwa na majirani, pengine na wazee wa ukoo wake mwenyewe, maombi hayo yamemletea nini. Huambiwa kwamba mganga angekwisha kumwonyesha chanzo cha mkosi, na kwamba mababu wakisahauliwa hukasirika. Kijana aliye shuleni naye hukutana na swali hilo likiwa limevaa nguo nyingine: huambiwa kwamba sala ni mazoea ya kujifariji tu. Maswali haya hayaletwi na adui siku zote. Mara nyingine huletwa na baba mzazi au shemeji, na mara nyingine huinuka usiku ndani ya moyo wa mwenye kuomba.

Juma hili tutajifunza maisha ya Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland aliyefanya kazi kaskazini na kusini mwa Ziwa Victoria kuanzia mwaka 1878 hadi 1890. Hakuwa Mwadventista. Alitumwa na chama cha umisionari cha Kanisa la Uingereza, wala hakuwa na nuru yote ambayo sisi tumepewa. Lakini imani yake ilipingwa na wafalme, na wasomi, na makaburi ya rafiki zake, na baadhi ya mambo makubwa aliyomwomba Mungu hakuyapata. Tutaangalia jinsi mtu anavyoendelea kuomba baada ya hapo.

JUMAPILI: Sala Iliyoanza Nyumbani

Soma Danieli 6:1–10. Danieli alianza lini desturi yake ya kuomba: kabla ya amri ya mfalme au baada yake?

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, kaskazini mwa Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyemfundisha masomo ya kwanza nyumbani. Mama yake alifariki Alexander akiwa bado kijana, akamwachia Biblia yake. Mtoto huyo alipenda sana vyuma na mashine. Wazazi wake walitamani awe mchungaji, lakini yeye alisomea ufundi mitambo mjini Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Berlin, Ujerumani, kufanya kazi ya kuchora mitambo katika kampuni.

Huko Berlin imani yake ilikutana na upinzani wa kwanza. Wengi aliofanya nao kazi walikuwa watu wenye elimu waliomwona mtu anayesali kuwa amebaki nyuma ya wakati. Hakuna aliyempiga wala kumfunga. Walicheka tu. Na kicheko cha rafiki mezani kimewaangusha wengi ambao fimbo isingewaangusha. Mackay aliendelea kusoma Biblia na kuomba, akatafuta ushirika wa waumini mjini, na kwa saa zake za kazi akawa fundi anayetegemewa.

Mwaka 1875 msafiri Henry Stanley aliandika barua katika gazeti la London akisema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda anataka walimu wa Kikristo. Mackay alijitoa, na mwezi Aprili 1876 alisafiri pamoja na wenzake. Kundi lote lilikuwa watu wanane. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, lakini katika kuagana aliwaambia viongozi wa chama kwamba huenda ndani ya miezi sita watasikia kuwa mmoja wao amekufa. Wakisikia hivyo wasikate tamaa, watume mwingine mara moja.

Danieli hakutafuta sala siku amri ilipotiwa sahihi. Aliingia chumbani kwake na kufanya kile alichokuwa amezoea kufanya. Vivyo hivyo kwa Mackay, sala aliyokwenda nayo Afrika ilikuwa ile aliyojifunza magotini pa wazazi wake na kuitunza Berlin.

Je, nyumba yako ina saa ya maombi ambayo watoto wako wataikumbuka siku watakapokuwa mbali nawe?

JUMATATU: Mbele ya Baraza la Kabaka

Soma 1 Petro 3:13–16. Petro anataka tuitetee imani yetu kwa roho ya namna gani?

Safari ya kufika Buganda ilimchukua Mackay zaidi ya miaka miwili. Aliugua homa njiani, na mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani, pwani, hadi Mpwapwa, umbali wa kilomita 370 hivi. Wakati huo wenzake walikuwa wakifa. Daktari John Smith alizikwa mwaka 1877 huko Kagei, ufuoni mwa ziwa katika nchi ya Wasukuma. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Shergold Smith, kiongozi wa kundi, aliuawa Ukerewe pamoja na O'Neill. Mackay alipofika Kagei mwezi Juni 1878 alikuta kaburi, mizigo iliyotapakaa, na mashua iliyoharibika. Watu walimsihi asiende Ukerewe. Yeye alivuka kwenda kumwona Mtemi Lukonge bila silaha, akazungumza naye kwa amani, akarudi salama. Kisha akaitengeneza mashua kwa mikono yake, na mwezi Novemba akaingia Buganda.

Katika baraza la Mutesa alitumia lugha yetu. Kiswahili kilikuwa tayari kinasikika pale kwa sababu ya biashara ya pwani, na Mackay aliwasomea watu Injili kutoka tafsiri ya Kiswahili iliyotayarishwa Zanzibar na Askofu Steere. Kwa muda ibada ilifanyika ndani ya jumba la mfalme, na wakuu walihudhuria.

Lakini upinzani ulikuja kutoka pande tatu. Wafanyabiashara Waislamu walibishana naye mbele ya mfalme. Mapadri Wakatoliki kutoka Ufaransa walifika mwaka 1879, na Mutesa akawaona wazungu wakipingana wao kwa wao juu ya dini, asijue ashike ipi. Hapo Mackay hakuwa bila kasoro. Maneno yake yalikuwa makali mara nyingine, na ugomvi ule haukumsaidia mfalme kuamini. Upande wa tatu ulikuwa dini ya mababu. Mfalme alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, na mwezi Desemba 1879 kuhani wa Mukasa, aliyeaminiwa kuwa mungu wa ziwa, alipangiwa kuletwa kwa ngoma kumponya. Mackay alipinga waziwazi. Mutesa alisitasita, lakini wakuu na mama yake walimshinda. Baraza likatangaza kwamba wanarudi kwenye desturi za wazee wao.

Ibada ya barazani ilikoma. Mtu aliyekuwa akisikilizwa na wakuu akabaki na karakana yake, nyundo yake, na vijana wachache waliokuja jioni kujifunza kusoma. Aliwafundisha hao, akasali nao. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano wa kwanza walibatizwa na misheni hiyo.

Umewahi kushindwa katika mabishano ya dini mbele za watu? Ulifanya nini siku iliyofuata?

JUMANNE: Vijana Watatu

Soma Matendo 12:1–17. Katika sura moja Yakobo anauawa na Petro anafunguliwa. Je, kanisa lilimpenda Petro kuliko Yakobo?

Mutesa alifariki mwezi Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala akiwa kijana. Mfalme mpya aliwaogopa wazungu, maana habari za mataifa ya Ulaya kujitwalia nchi za pwani zilikuwa zimemfikia. Washauri wake walimwambia kwamba watu wanaosoma vitabu vya wageni watamgeuka.

Tarehe 30 Januari 1885 Mackay na mwenzake Robert Ashe walikuwa wakielekea ziwani pamoja na baadhi ya vijana wa misheni. Askari waliwazuia njiani, wakawanyang'anya vijana hao kwa nguvu. Mackay na Ashe walirudi mbio, wakaenda kwa Katikiro, waziri mkuu wa Buganda, wakasihi, wakatoa zawadi. Hawakusikilizwa. Waliomba Mungu usiku ule. Kesho yake, tarehe 31 Januari, vijana watatu walipelekwa kwenye kinamasi nje ya mji mkuu, wakakatwa mikono, wakachomwa moto. Majina yao ni Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama. Yusufu alikuwa bado mtoto, wa kabila la Wahima, aliyetekwa vitani kabla ya kufika misheni. Walioshuhudia walisema kwamba walikufa wakiimba wimbo wa sifa waliofundishwa.

Hapa ndipo somo letu linapouma. Mackay alikuwa amewafundisha watoto hawa kwamba Mungu husikia. Alimwomba Mungu huyo awaokoe, nao wakafa. Mtu yeyote wa baraza angeweza kumwuliza Mungu wake alikuwa wapi, na yeye asingekuwa na jibu la kuwanyamazisha.

Luka hajaribu kutueleza kwa nini Yakobo alikufa na Petro akapona. Anatuambia tu kwamba kanisa lilelile lililomzika Yakobo lilikusanyika tena katika nyumba ya Mariamu, mama yake Yohana aitwaye Marko, na kuomba kwa ajili ya Petro. Waliomba huku machozi ya msiba wa kwanza hayajakauka. Biblia inatupa pia Zaburi ya 13, ambamo Daudi anamwuliza Bwana mara nne itakuwa hata lini. Kuuliza hivyo si kuacha kuomba. Mwenye kuuliza bado anazungumza na Mungu.

Mackay aliugua kwa huzuni. Lakini nyumba ya misheni haikufungwa. Watu walikuja usiku badala ya mchana, kazi ya kutafsiri Injili ya Mathayo kwa Kiganda iliendelea, na mashine ndogo ya kupiga chapa haikunyamaza.

Ni ombi gani lako ambalo halikujibiwa kama ulivyotaka? Je, umeweza kumwambia Mungu kuhusu maumivu hayo, au umeamua kutolitaja tena?

JUMATANO: Aliyetaka Kufundishwa Kuomba

Soma Matendo 16:22–34. Ni nani waliokuwa wakisikiliza sala na nyimbo za Paulo na Sila? Matokeo yake yalikuwa nini?

Baada ya vijana wale watatu kuchomwa, mtu mmoja alikuja misheni. Alikuwa mmoja wa wauaji. Alikuwa amesimama karibu na moto, ameona jinsi watoto wale walivyokufa, na jambo hilo halikumwacha apumzike. Hakuja kubishana wala kuuliza juu ya mafundisho. Alitaka naye afundishwe kuomba.

Tafakari jambo hilo. Katika baraza la Mutesa, Mackay alijenga hoja nyingi, na wakuu wakaenda zao kama walivyokuja. Sala ya watoto watatu, ambayo kwa macho ya watu haikujibiwa, ilimleta muuaji wao mlangoni. Askari wa gereza la Filipi naye hakuvutwa na mahubiri kwanza. Wafungwa walikuwa wakisikiliza watu wenye migongo iliyochanika wakiomba usiku wa manane. Mara nyingi hatujui ni nani anayetusikiliza.

Mwaka ule haukwisha bila msiba mwingine. Mwezi Oktoba habari zilifika kwamba Askofu James Hannington anakuja kwa njia ya mashariki, kupitia Busoga, njia ambayo Waganda waliamini kwamba mshindi wa nchi yao angetokea. Mackay na Ashe walikwenda jumba la mfalme siku baada ya siku kumwombea, wakakataliwa kuingia. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885. Kisha, tarehe 3 Juni 1886, Wakristo wengi walichomwa Namugongo, Waanglikana na Wakatoliki pamoja. Majina ya 45 waliouawa katika mateso ya miaka ile yanakumbukwa hadi leo.

Katika siku hizo za hatari Mackay alipiga chapa barua kwa lugha ya Kiganda na kuwapelekea waumini waliojificha, akiwatia moyo wasimwache Kristo. Mwezi Agosti 1886 Ashe aliruhusiwa kuondoka. Mackay akabaki peke yake karibu mwaka mzima, akitengeneza vitu vya mfalme mchana na kuwapokea wasomaji usiku.

Fikiria watu wanaokuona ukiomba: watoto, wapangaji wenzako, mfanyakazi wa nyumbani, jirani asiyeamini. Je, wangependa kufundishwa sala kama yako?

ALHAMISI: Mtesi Anapokuwa Mkimbizi

Soma Mathayo 5:43–48. Kwa nini Yesu aliunganisha upendo kwa adui na maombi?

Mwezi Julai 1887 Mwanga alimlazimisha Mackay aondoke Buganda. Mackay alivuka ziwa na kuweka makazi Usambiro, upande wetu wa kusini. Mwezi Machi 1888 Askofu Parker, aliyetumwa kushika nafasi ya Hannington, alifia hapohapo Usambiro. Mackay akazika tena. Kisha akarudi kwenye nyundo, chapa na tafsiri.

Mwezi Septemba mwaka huohuo mambo yaligeuka. Mwanga alipinduliwa na watu wake, akakimbia kwa mtumbwi kuvuka ziwa. Alifika Magu. Wengi wetu tumepita Magu tukielekea Mwanza bila kujua kwamba mfalme aliyewachoma watoto wale aliishi pale kama mkimbizi, mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu waliomnyang'anya mali yake. Alipotoroka alipokelewa na mapadri Wakatoliki huko Bukumbi, watu wa kanisa lilelile ambalo waumini wake aliwaua. Mwaka 1889 alimwandikia Mackay barua, akimsihi asiyakumbuke mambo yaliyopita na akiomba msaada.

Mackay hakuwa na jeshi la kumpa, wala hakuamini kwamba mmisionari atumie bunduki. Lakini hakumlaani. Aliendelea kuiombea Buganda, pamoja na mfalme wake. Tukiombea adui kwa muda mrefu, siku anapofika mlangoni akiwa ameishiwa, mioyo yetu inakuwa imekwisha kutayarishwa.

Mwezi huo wa Septemba 1889 Stanley alipita Usambiro akielekea pwani. Mackay alikuwa amekaa Afrika zaidi ya miaka 13 bila kurudi nyumbani. Stanley alimshauri waondoke pamoja. Mackay alikataa, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kushika kazi yake. Miezi michache baadaye homa ilimkamata, na tarehe 8 Februari 1890 alilala mauti akiwa na miaka 40. Wakristo wa Buganda waliokuwa pale walimzika. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.

Hakuona mavuno. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896, miaka sita baada ya kifo chake, kwa mikono ya wengine. Makko, Nuwa, Yusufu na Mackay mwenyewe wamelala, hawajui neno lolote, wakingoja sauti ya Mwana wa Mungu. Maombi yao makubwa kuliko yote, ya kumwona Bwana wao, bado yanangoja jibu. Litakuja asubuhi ya ufufuo.

Ni nani aliyekutesa ambaye hujawahi kumtaja katika sala? Mtaje leo.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Soma Luka 18:1–8, na sura inayohusu Danieli katika tundu la simba katika kitabu cha Ellen G. White, Manabii na Wafalme.

Mjane wa Luka 18 hakuwa na hoja nzuri kuliko kadhi. Alikuwa na mlango mmoja wa kwenda, akawa anarudi hapohapo. Yesu alimaliza mfano huo kwa kuuliza kama atakapokuja ataiona imani duniani. Imani anayoizungumzia hapo ni ile ya mtu anayerudi kuomba kesho, ingawa jana hakupata.

Hivyo jirani wa Mwanhuzi akikuuliza maombi yako yamekuletea nini wakati mvua imekatika, huna haja ya kuzua jibu. Usimdharau, maana naye ana ng'ombe wanaokufa na watoto wenye njaa. Mwambie ukweli, kwamba hujui kwa nini mvua imechelewa. Mpelekee debe la mahindi kama unalo. Kisha jioni, saa yako ya maombi ikifika, kusanya watoto wako kama ulivyofanya jana, na umtaje jirani huyo kwa jina.

Maswali ya Kujadili:

1. Mackay alipoteza nafasi katika baraza la Mutesa lakini akapata wanafunzi wachache waaminifu. Kanisa letu linapima mafanikio kwa kipimo gani?

2. Linganisha Matendo 12 na kisa cha vijana watatu wa mwaka 1885. Tumwambie nini mwumini aliyefiwa na mtoto baada ya kanisa zima kufunga na kuomba? Tuepuke kumwambia nini?

3. Ndugu wa ukoo wanapomlazimisha mwumini mpya kushiriki matambiko, darasa lenu linaweza kumsaidiaje kwa vitendo, mbali na kumwonya tu?

4. Muuaji mmoja aliomba afundishwe kuomba. Kama mtu wa namna hiyo angekuja Sabato ijayo katika darasa lenu, ni nani angekaa naye, na angeanza naye wapi?

5. Mwanga aliogopa kwamba dini ya wageni itafuatwa na watawala wageni, na miaka michache baadaye watawala hao walikuja kweli. Tunawezaje kumtangaza Kristo bila kuyafunika makosa ya watu waliojiita Wakristo?